Kwa Nini Mkanda wa Saa Hushika Mawaa

Habari ninayotaka kuwaeleza ni ndogo, tena wengi wenu mmeifunga mkononi. Ni habari ya mkanda wa chuma wa saa, ule unaong'aa siku ya kununuliwa, kisha baada ya muda ukapata mikwaruzo, uchafu mweusi na mawaa ya rangi ya kahawia. Katika bweni letu peke yake nimehesabu saa kumi na moja za namna hiyo. Na kila waa linapoonekana husikika neno moja tu: "Saa hiyo ni ya bandia." Nami nilikuwa mmoja wa wasemao hivyo, na neno hilo nusura linigombanishe na mtu aliyenilea. Ndiyo sababu naandika.

Kwetu ni Kabezi, kusini ya Bujumbura, katika barabara iendayo Rumonge. Upande mmoja ni milima, upande wa pili ni ziwa Tanganyika. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa ndagala. Kazi hiyo ni ya usiku, maana ndagala huvutwa na mwanga wa taa. Na siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, kwa kuwa mwezi ukiwaka taa zao hazina nguvu ya kuwakusanya samaki. Mtu afanyaye kazi gizani huhitaji saa kuliko mtu wa mchana. Basi mwaka 2012, mwaka ule nilioanza shule, baba alimpa mdogo wake fedha, akamtuma Bujumbura amnunulie saa yenye mkanda wa chuma kisichoshika kutu. Baba mdogo alirudi jioni na saa, baba akaivaa, wala hakuivua ila wakati wa kulala, kwa muda wa miaka tisa.

Naukumbuka vizuri mkanda ule. Upande wa kidole gumba pingili tatu zilikuwa zimelika, zikawa laini kama kokoto la ufukweni, kwa sababu kamba ya wavu yenye maji na mchanga ilipita hapo kila usiku. Baba alipolala mchana aliiweka saa juu ya sanduku, nami nilipenda kuzipapasa pingili zile tatu kwa kidole.

Baba alifariki mwaka 2021. Siku ya kuondoa matanga, baba mdogo alisimama mbele ya watu akanipa saa ile, akasema, "Mwanangu, hii ndiyo iliyokuwa ikimrudisha baba yako nyumbani." Niliiweka sandukuni, maana mkono wangu ulikuwa mdogo bado.

Mwezi wa tisa mwaka 2023, nilipokuwa nikijitayarisha kurudi shuleni, niliitoa. Katikati ya pingili kulikuwa na uchafu mweusi mzito, na juu yake mikwaruzo mingi. Niliona haya kwenda nayo mbele ya wenzangu. Basi nikachukua mchanga wa ziwani na zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ambazo wengine huziita stilwaya, nikausugua mkanda mpaka mikono ikauma. Kisha nikaulaza usiku kucha ndani ya javeli, yale maji ya kung'arishia nguo nyeupe. Asubuhi mkanda uling'aa kama mpya. Mama aliutazama akasema, "Mwanangu, mbona umeisugua saa ya baba yako kama sufuria?" Sikumjibu, kwa kuwa niliona nimefanya kazi nzuri.

Mvua zilipoanza, hata mwezi haujatimia, mkanda ulianza kutoka madoa ya kahawia. Kwanza yalikuwa madogo kama mbegu za ulezi, kisha yakaungana. Nilipokwenda likizo ya Noeli nilimwonyesha mtu mmoja sokoni auzaye saa. Akaugeuza mara moja tu, akasema, "Hili ni bati lililopakwa. Aliyelinunua aliibiwa." Akataka kuichukua kwa bei ya kilo chache za mchele.

Nilirudi nyumbani nikayasema maneno yale mbele ya jamaa. Nilikosa hapo. Maana mmoja wao aliuliza, "Kwani nani alitumwa kuinunua?" Na mwingine akajibu kwamba labda fedha za marehemu hazikufika zote dukani. Mimi sikusema hivyo kwa kinywa changu, lakini sikukataa pia. Baba mdogo alipokuja siku ya Noeli nilimsalimu nimekaa kitako. Aliona. Aliutazama na mkanda mkononi mwangu, akanywa chai yake, akaenda zake.

Mwezi wa kwanza mwaka 2024, shule ilipofunguliwa, nilimwonyesha saa mwalimu wetu wa kemia. Swali lake la kwanza halikuwa "Imenunuliwa wapi?" bali "Umeisafisha kwa kitu gani?" Nilipomweleza, alicheka kidogo, akaniletea kioo cha kukuzia. Mambo nitakayoyaeleza sasa nilijifunza kwake na katika vitabu alivyonipa.

Kwanza yafaa tujue chuma hiki ni kitu gani. Chuma cha kawaida kikipata maji na hewa hushika kutu. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji, nayo ni kama unga: hubanduka, ikaacha chuma kingine wazi, nacho kikaliwa vilevile, mpaka kisibaki kitu. Mabati ya nyumba zetu yametuonyesha jambo hilo. Lakini mafundi waligundua kwamba chuma kikichanganywa na madini iitwayo kromi, kadiri ya sehemu kumi na nusu au zaidi katika kila mia, tabia yake hugeuka. Mwaka 1912 kiwanda cha Krupp katika mji wa Essen, Ujerumani, kiliandikisha haki ya chuma chenye kromi na nikeli. Mwaka 1913 Mwingereza Harry Brearley, katika mji wa Sheffield, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Akakuta kwamba chuma chake chenye kromi karibu sehemu kumi na tatu katika mia hakiliwi na asidi kama vyuma vingine. Huko Sheffield ni mji wa visu, basi visu vya mezani vikatengenezwa kwacho, na baadaye vyombo vya hospitali, masufuria na saa.

Siri yake ni hii. Kromi iliyo juu ya chuma huungana na oksijeni ya hewa, ikafanya utando mwembamba sana usioonekana kwa macho. Ukiigawanya milimita moja mafungu milioni, unene wa utando huo ni mafungu mawili au matatu tu. Lakini utando huo haubanduki kama kutu. Umeshikamana na chuma kama ngozi. Tena, ukikwaruzwa, hujiponya wenyewe mara moja, mradi tu hewa ipate kufika. Kwa hiyo jina lake lisitudanganye. Si chuma kisichoweza kushika kutu kabisa, bali ni chuma kinachojilinda. Ukikinyima hewa, au ukikiletea adui mwenye nguvu, hushindwa.

Mikanda mingi ya saa hutengenezwa kwa namna mbili za chuma hicho. Ya kwanza mafundi huiita 304, nayo ina kromi kadiri ya 18 na nikeli kadiri ya 8 katika mia. Ya pili huitwa 316L, nayo imeongezwa madini ya molibdeni, sehemu mbili hadi tatu katika mia, ili iweze kustahimili chumvi zaidi. Basi sasa tutazame alama moja moja, maana kila alama ina sababu yake, na dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Alama ya kwanza ni mikwaruzo. Watu husema, "Chuma kitakwaruzwa na nini?" Kitakwaruzwa na mchanga. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga mawe kwa ugumu wake, kutoka moja hadi kumi: jiwe laini kabisa ni la kwanza, na almasi ni ya kumi. Jiwe la kwatzi, ambalo limejaa katika mchanga na vumbi, ni la saba. Chuma cha mkanda wa saa kiko chini ya hapo. Ndiyo maana punje ya mchanga isiyoonekana huweza kukichora. Mwanafunzi atazame upande wa chini wa mkanda wake, pale penye kishikizo. Ataona mikwaruzo mingi kuliko mahali popote. Si kwamba mtu amemharibia. Ni yeye mwenyewe, anapoandika, huburuta kishikizo juu ya dawati lenye vumbi siku nzima. Mikwaruzo hii haina madhara. Utando umekwisha kujiponya zamani, hata chini kabisa ya mkwaruzo.

Alama ya pili ni uchafu mweusi katikati ya pingili. Huu si kutu. Ni mchanganyiko wa jasho, mafuta ya ngozi, sabuni, vumbi, na unga mwembamba wa chuma chenyewe. Unga huo hutoka wapi? Pingili zimeungwa kwa pini, na kila unapokunja mkono pini husagana na matundu yake. Uchafu ukiingia hapo huwa kama msasa, ukaongeza kusaga. Ndiyo sababu mkanda wa miaka mingi hulegea. Ukitaka kujua, ushike mkanda kwa ncha moja, ubavu wake ukielekea chini. Mkanda mpya utakaa karibu umenyooka. Mkanda wa zamani utainama kama mgomba uliobeba mkungu mzito.

Alama ya tatu ni vishimo vidogo, kama vya ncha ya sindano, mara nyingi vikiwa na kutu ndani yake. Hii ndiyo alama ya ugonjwa wa kweli. Mleta ugonjwa ni kloridi, iliyomo katika chumvi ya kula. Kloridi huupenya utando wa kromi mahali padogo, kisha huchimba kwenda chini. Hufanya hivyo hasa mahali palipojificha, kwa mfano chini ya uchafu au ndani ya maungio, kwa sababu hewa haifiki hapo, na utando hauwezi kujiponya.

Hapa nilimwuliza mwalimu, "Basi ni maji ya ziwa yaliyoila saa ya baba?" Jibu lake lilinishangaza. Lita moja ya maji ya Tanganyika ina chumvi za kila namna zisizofika gramu moja, na chumvi ya kula katika hizo ni kidogo sana. Lita moja ya maji ya bahari, kama ya Mombasa au Unguja, ina gramu 35 hivi. Na jasho la mtu? Lita moja huweza kuwa na gramu mbili au tatu za chumvi. Tena jasho hukauka mkononi, maji yakaenda, chumvi ikabaki na kuzidi siku kwa siku. Kwa hiyo kwa sisi watu wa Kabezi, Rumonge na Nyanza-Lac, kuoga ziwani na mkanda wa chuma si hatari kubwa kwa mkanda. Hatari ni kucheza mpira na saa mkononi, kisha kuilaza na jasho lake usiku. Lakini mwenye kuoga baharini hana budi kuisuuza kwa maji matamu siku ileile.

Na javeli je? Javeli ina klorini yenye nguvu, na imetengenezwa ili kuua na kung'oa rangi. Utando wa kromi hauiwezi kwa muda mrefu. Mimi niliulaza mkanda humo usiku kucha. Kwa kioo cha kukuzia nilihesabu vishimo saba ambavyo baba hakuviacha.

Alama ya nne ni kutu ya mgeni, na hii ndiyo iliyonipotosha. Nyuzi za stilwaya nilizozitumia zilikuwa za chuma cha kawaida, kisicho na kromi. Unaposugua, vipande vidogo mno hukatika vikabaki vimejikita juu ya mkanda na ndani ya mikwaruzo. Hukioni kitu siku hiyo, mkanda hung'aa. Lakini unyevu ukija, vipande hivyo hushika kutu kama misumari, na mwenye saa hudhani mkanda wake ndio unaooza. Tena nilikuwa nimeukwaruza kwa mchanga, ukawa na mifereji ya kushika maji, na javeli ilikuwa imeudhoofisha utando. Kwa hiyo madoa yote yale ya kahawia niliyaleta mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Kutu ya mgeni huweza pia kutoka kwenye pini za ndani, kwa kuwa mafundi wengine hutia pini za chuma hafifu katika mkanda mzuri. Hapo utaona kahawia ikichuruzika kutoka kwenye maungio tu, na dawa yake ni kubadili pini.

Alama ya tano ni rangi za moto. Mwenzetu mmoja, msimu wa mvua, aliukausha mkanda wake juu ya jiko la makaa. Ukageuka rangi ya majani makavu, kisha kama dhahabu, akafurahi akidhani amepata utajiri. Kisha ukawa zambarau na buluu. Chuma hiki kikipata joto, tangu nyuzi 300 hivi, utando wake huongezeka unene, na mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, zikatokea rangi. Ni jambo lilelile mnaloliona petroli ikimwagika juu ya dimbwi barabarani. Rangi hizi zaonyesha pia kwamba chuma chini ya utando huo kimepungukiwa na kromi, basi hapo kitashika kutu upesi kuliko kwanza.

Alama ya sita ndiyo ya bandia ya kweli. Kuna mikanda ya shaba, au ya madini hafifu, iliyopakwa ngozi nyembamba ya kromi ing'aayo. Ngozi hiyo ikilika kwenye pembe za pingili, rangi nyingine huchungulia: manjano ya shaba, au kijivu kisicho na mng'ao. Hubanduka kama rangi ya mlango, na shaba huacha kijani juu ya ngozi ya mkono. Wengine hupima kwa sumaku. Sumaku husaidia, lakini haitoshi. Chuma chetu cha 304 au 316L hakivutwi, au huvutwa kidogo tu. Bati huvutwa kwa nguvu. Lakini shaba nayo haivutwi, kwa hiyo mkanda wa shaba iliyopakwa utamdanganya mwenye sumaku. Yafaa pia kusoma maandishi ya nyuma ya saa kwa uangalifu. Mara nyingi huandikwa kwamba mgongo wa saa ni wa chuma kisichoshika kutu, na mnunuzi hudhani ni saa nzima, kumbe ni mgongo peke yake.

Basi mwalimu aliniuliza, "Tutajuaje kwamba mkanda wako haukupakwa?" Nilikaa kimya. Akasema, "Tazama ndani ya mikwaruzo uliyoifanya." Nilitazama kwa kioo. Mikwaruzo yangu ilikuwa mingi na mingine ya kina, na yote, tangu juu hata chini, ilikuwa na rangi moja nyeupe ya chuma. Hapakuwa na manjano, hapakuwa na ngozi iliyobanduka. Tukaleta sumaku, haikuushika. Kisha tukautoa mkanda kwenye saa, tukauloweka katika maji ya limau yenye vuguvugu nusu saa, tukaupiga mswaki, tukarudia mara tatu. Maji ya limau yana asidi ambayo huyeyusha kutu na vile vipande vya chuma kigeni, lakini mkanda mzuri haudhuriki kwa muda mfupi kama huo. Tukausafisha kwa sabuni, tukausuuza sana, tukaukausha. Madoa yaliondoka. Mvua za mwezi wa tatu na wa nne zilinyesha zote, nayo hayakurudi. Mkanda ulikuwa wa chuma safi tangu siku ya kwanza. Baba mdogo alikuwa amenunua kile alichotumwa.

Likizo ya Pasaka sikungoja aje kwetu, nilikwenda kwake. Nilimkuta anatengeneza wavu. Nilisimama, nikamwomba radhi, nikamweleza habari yote, na ya kwamba kutu ilitoka kwenye stilwaya yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyosha mkono, nikampa saa. Hakutazama madoa kama yameondoka. Aliupitisha mkanda katikati ya vidole vyake, upande wa kidole gumba, akitafuta. Akaupitisha mara ya pili. Akauliza, "Zile pingili tatu ziko wapi?"

Sikuwa na jibu. Mchanga wangu ulikuwa umezisugua zote sawasawa, na zile laini sikuweza tena kuzitenga na zenzake. Kloridi naweza kuieleza, na kromi, na rangi za moto. Lakini alama ile iliwekwa na kamba kwa miaka tisa, nami niliiondoa asubuhi moja kwa kuona haya. Baba mdogo alinirudishia saa, akasema, "Basi, ivae. Wewe nawe una kazi yako." Tukala pamoja jioni ile. Jamaa wale wawili pia niliwaendea mmoja mmoja nikawaambia ukweli, maana neno lililotoka hadharani halirudishwi kwa siri.

Sasa, wasomaji wapenzi, nawaachia mashauri haya, ambayo hayana gharama:

1. Safisha mkanda mara moja kwa mwezi, na kila baada ya mchezo wa jasho jingi. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida na mswaki wa zamani ulio laini. Ikiwa huna hakika kwamba saa yako haiingii maji, toa mkanda kwanza.

2. Suuza mpaka sabuni yote iondoke, kisha kausha kwa kitambaa, hasa katikati ya pingili. Sabuni iliyobaki hukusanya uchafu.

3. Usitumie mchanga, majivu, stilwaya wala javeli. Hivyo ni vitu vya sufuria na nguo. Wala usikaushe mkanda kwa moto.

4. Ukiona kahawia, usihukumu. Tazama inatoka wapi: kwenye maungio, juu ya chuma chote, au ndani ya vishimo. Ikiwa ni juu tu, jaribu limau kwa muda mfupi, kisha suuza. Ikiwa ni kwenye maungio, mwulize fundi habari ya pini. Ikiwa ni vishimo, havitarudi kujaa. Weka mahali hapo pakavu na safi visiendelee.

5. Mikwaruzo na pingili zilizolika ziache. Hazina ugonjwa. Na kama saa ni ya kurithi, mwulize kwanza aliyemjua mwenyewe, kabla ya kuondoa kitu chochote.

Wazee wetu mliosoma hapa, wengi wenu mna saa za miaka mingi, na wengine mtawaachia watoto wenu. Nawaomba mkiwapa saa muwape na habari zake: alama hii niliipata wapi, na hii wapi. Kama ningalielezwa habari ya zile pingili na mtu mzima siku ya matanga, labda ningaliuacha mchanga ziwani. Lakini kosa ni langu, maana mimi nilizijua kwa kidole tangu utoto, na bado nilizisugua.

Wahenga walisema kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Baba alifanya kazi katika usiku wa namna hiyo, naye alibeba taa na saa. Mkanda wake umelegea siku hizi, nao huinama ukishikwa ubavu, kwa sababu matundu ya pini yamelika ndani, mahali ambapo mchanga wangu haukufika. Fundi mmoja amenishauri ayakaze. Nimemwambia bado.